Nani Amekukataa? Hotuba kwa Mafundi Kuhusu Seva ya Faili ya Nyumbani Inayogoma

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, wakubwa zangu mliotangulia katika kazi hii, shikamooni. Na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kila fundi aliye humu ameshaitiwa. Mtu ana seva yake ndogo nyumbani, ameweka humo picha, hesabu za duka, darsa alizorekodi, katuni za watoto. Jana ilifunguka. Leo anaandika jina na nywila, inamrudisha. Anaandika tena, inamrudisha. Anakupigia simu na kusema maneno yale yale wanayosema wote: "Fundi, paswedi imegoma."

Nawaombeni msiiamini sentensi hiyo. Nywila iwe mtuhumiwa wa mwisho. Kabla hujaigusa jiulize kwanza: ni nani hasa amemkataa huyu mtu? Kutoka laptopu ya sebuleni mpaka faili lililo kwenye diski kuna wenye uwezo wa kukataa wengi: ruta, faiwali (ukuta wa ulinzi wa mtandao), itifaki (lugha ambayo mashine zinasemezana), orodha ya watumiaji, Windows yenyewe, ruhusa za folda. Yeyote kati yao akikataa, anayelaumiwa ni yule anayeonekana, yaani kile kidirisha kinachoomba jina na nywila. Na fundi asiyejua nani kakataa huanza kubadilisha nywila. Anaibadilisha kwenye seva, anaibadilisha kwenye laptopu, mwisho nyumba nzima haijui ipi ndiyo ipi, na tatizo la mwanzo bado limekaa pale pale.

Nyingi ya seva tunazozikuta majumbani ni kompyuta kuukuu ya mezani iliyowekewa Linux, mfumo unaotumika badala ya Windows, au Raspberry Pi, kikompyuta kidogo cha kiganjani, yenye diski ya nje, na programu inayogawa faili ni Samba. Itifaki yake, SMB, ilianzia IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980, kazi ya Barry Feigenbaum, kisha Microsoft wakaichukua na kuikuza. Mwishoni mwa 1991 Andrew Tridgell, akisoma shahada ya uzamivu kwenye chuo kikuu cha taifa cha Australia huko Canberra, aliandika seva yake mwenyewe kwa kuchungulia pakiti, yaani vifurushi vya data, zinazopita kwenye waya na kukisia zinasemezana nini. Ndiyo iliyokua ikawa Samba. Nayataja haya kwa sababu vituko vingi tutakavyovizungumza leo vinatokana na asili hiyo: ni programu ya Unix, ukoo wa mifumo kama Linux, inayoongea Kiwindows, na kila upande umekuja na taratibu zake za kumtambua mtu.

Sasa tuanze na ujumbe wenyewe. Windows ikikwambia jina au nywila si sahihi, kosa namba 1326, ujue haijui ni lipi kati ya hayo mawili. Haijui kwa sababu seva imekataa kuiambia. Ndani ya Samba majibu ni mawili tofauti kabisa. Kuna NT_STATUS_NO_SUCH_USER, maana yake huyu simjui. Kuna NT_STATUS_WRONG_PASSWORD, maana yake namjua ila nywila siyo. Lakini kabla jibu halijatoka nje, Samba inayachukua yote mawili na kuyafanya moja: NT_STATUS_LOGON_FAILURE. Imefanywa hivyo makusudi, ili mwizi anayebahatisha majina asijue lipi lipo na lipi halipo. Ni ulinzi mzuri, ila umemfichia na fundi.

Kumuuliza mwenye laptopu kwa nini hajaingia ni sawa na kumuuliza mgeni aliyerudishwa getini. Atakueleza alivyodharauliwa, na sababu yenyewe imeandikwa kwenye daftari la mlinzi. Basi nendeni kwenye daftari. Fungua /etc/samba/smb.conf, na chini ya [global] andika mstari huu:

log level = 1 auth_audit:3

Mwambie smbd, ile programu ya Samba inayopokea wageni, asome upya mipangilio kwa amri ya sudo smbcontrol smbd reload-config, halafu kaa na tail -f, amri ya kutazama mistari mipya ikiingia, kwenye /var/log/samba/, ambako kwa Ubuntu na Debian, ambazo ni aina za Linux, kila mashine inayogonga hodi hupata faili lake la logi, ndilo daftari lenyewe. Mwombe mwenye nyumba ajaribu kuingia mbele yako. Utaona mstari mrefu, na ndani yake vipande kama hivi:

user [LAPTOPU]\[hp] ... status [NT_STATUS_NO_SUCH_USER] workstation [LAPTOPU]

Utazameni vizuri. Mwenye nyumba anaapa yeye ni "amina". Seva inasema imeletewa "hp". Hakuna anayedanganya hapo, na nitarudi kwenye huyu "hp" baada ya muda mfupi, maana ndiye msumbufu mkubwa kuliko wote.

Neno moja kuhusu tarehe za logi. Raspberry Pi kabla ya ile ya tano haikuwa na saa inayotembea umeme ukikatika. Huchukua wakati kutoka intaneti. Umeme umekatika, umerudi, na bando limeisha: Pi inaendelea na saa ya zamani. Utafungua logi ukitafuta ya leo, ukute mambo yote yameandikwa ya juzi, ukadhani seva haijapokea mtu. Andika date kwanza ujue seva inadhani leo ni lini.

Na kama umekaa na logi, mwenye nyumba amejaribu, na hakuna mstari hata mmoja mpya? Basi mtu wako hajafika. Nywila haijafika, jina halijafika, hakuna aliyekataliwa na Samba. Hapa sitachelewa kwa sababu wengi wenu mnayajua. Seva ilikuwa 192.168.1.10, umeme ukakatika, ruta ilipowaka ikaipa 192.168.1.14, na laptopu bado inagonga mlango wa zamani: hilo ni kosa namba 53, na dawa yake ni kuifungia seva anwani moja ndani ya ruta kwa kutumia namba ya MAC, ile ya kudumu ya kifaa. Au laptopu imeunganishwa kwenye Wi-Fi ya wageni, ambayo kazi yake ni kuzuia vifaa visionane. Au kijana amewasha hotspot ya simu yake na laptopu ikaikimbilia. Au faiwali ya Linux imewashwa na hakuna aliyeiambia ufw allow samba. Kwenye PowerShell, dirisha la amri la Windows, andika Test-NetConnection 192.168.1.10 -Port 445. Hiyo 445 ni poti, yaani mlango, wa SMB. Ikijibu False, acha kabisa kuzungumza habari za nywila. Pia msisumbuke na seva kutojitokeza kwenye ile picha ya Network. Kujitokeza ni kazi nyingine, ya huduma nyingine. Andika \\192.168.1.10 kwenye mstari wa anwani ya folda na uendelee.

Tukifika kwenye Samba yenyewe, linalowachanganya watu kuliko yote ni kwamba mtumiaji mmoja ana nywila mbili. Amina ana akaunti kwenye Linux, anaingia vizuri kwa kibodi ya seva, anaingia vizuri kwa SSH, yaani kwa amri kutoka mashine nyingine. Folda inamkataa. Fundi anachukua amri ya passwd, anambadilishia nywila, folda inaendelea kumkataa. Inamkataa kwa haki. Linux inahifadhi nywila kwenye /etc/shadow ikiwa imesagwa kwa njia yake, na kilichosagwa hakirudi kuwa mahindi. SMB nayo haisafirishi nywila kabisa. Seva inatoa fumbo, laptopu inalijibu kwa hesabu inayoanzia kwenye nywila iliyosagwa kwa njia ya Microsoft, ya MD4. Kutoka kile cha /etc/shadow huwezi kupata hiki cha Microsoft. Kwa hiyo Samba imelazimika kuwa na orodha yake, kwenye faili la passdb.tdb, na orodha hizo mbili hazijuani mpaka wewe uzijulishe.

Andika sudo pdbedit -L. Kama Amina hayumo, mwandikishe kwa sudo smbpasswd -a amina. Awe kwanza na akaunti ya Linux, la sivyo Samba itagoma kumwandikisha. Kama yumo na bado anakataliwa, andika sudo pdbedit -L -v na utazame alama zake za akaunti: herufi D ndani ya mabano maana yake amefungiwa, na smbpasswd -e amina inamfungulia. Wanaokumbwa sana na hili ni waliobadilisha diski ya mfumo. Wamesimika Linux upya, wamerudisha smb.conf yao kwa uangalifu, folda zote zipo, kila kitu kinafanana na jana. Hawakurudisha passdb.tdb. Seva imewasahau watu wake wote.

Baada ya hapo fanya jaribio ambalo mimi siondoki kwenye nyumba ya mtu bila kulifanya. Ukiwa kwenye seva yenyewe, andika smbclient //localhost/picha -U amina, uiweke nywila. Ukiingia, umekwisha kuthibitisha mambo mawili kwa mpigo: Samba iko hai, na nywila ni sahihi. Kuanzia dakika hiyo nywila haiguswi tena, hata mwenye nyumba akuombe. Tatizo liko upande wa pili.

Upande wa pili ukiwa ni simu, tazama kibodi kabla ya chochote. Kibodi za simu zina huruma za ajabu: zinakuza herufi ya kwanza, zinabandika nafasi baada ya neno ukichagua pendekezo. Nywila iliyonakiliwa kutoka ujumbe wa WhatsApp ikiwa na nafasi mkiani ni nywila nyingine kabisa. Gusa kile kijicho uione kwa macho.

Upande wa pili ukiwa ni Windows, sasa tumrudie "hp".

Nilimkuta kwenye nyumba ya mpiga picha wa harusi. Laptopu aliinunua dukani ikiwa tayari imewekwa Windows, na muuzaji aliita akaunti "hp". Nyingine mtazikuta zinaitwa "user", nyingine "Admin". Mtu anatumia miaka bila kujua kwamba kwa macho ya Windows yeye ni "hp". Windows ina tabia moja: ukiigonga seva, kabla haijakuuliza chochote, inajaribu kwanza kimyakimya kukuingiza kwa jina ulilowashia mashine. Ikikubaliwa, huoni kidirisha. Ikikataliwa wazi, ndipo inakuuliza jina na nywila.

Tatizo ni pale seva isipokataa wala kukubali. Faili la smb.conf linalokuja na Ubuntu na Debian lina mstari unaosema map to guest = bad user. Maana yake: akija mtu nisiyemjua jina, nisimfukuze, nimfanye mgeni. Basi "hp" anafika, Samba haimjui, inamwambia karibu, wewe ni mgeni. Zamani Windows ilipokea ugeni huo bila maneno. Siku hizi hapana. Mwaka 2017 Microsoft walianza kuuzuia kwenye Windows 10 za Enterprise na Education, na kwenye Windows 11 ya 24H2 iliyotoka 2024 zuio likafika toleo la Pro. Sababu yao ni nzito: ukiingizwa kama mgeni hakuna uthibitisho kwamba unayeongea naye ni seva yako kweli, na pakiti za mgeni haziwezi kutiwa saini. Kwa hiyo Windows inasimama na kutoa kosa 1272, ikimwambia mwenye nyumba kwamba sera za usalama za taasisi yake zimezuia. Mpiga picha akaniuliza, "Taasisi gani? Hapa tuko mimi, mke wangu na watoto."

Tazameni mpangilio wa mambo. Mtu hakuomba ugeni. Hakuulizwa jina. Hakuulizwa nywila. Anachojua ni kwamba amekataliwa, na kwa kuwa amezoea, anasema paswedi imegoma. Na kwenye seva, ukiuliza, Samba itasema haikumjua, ila haikumfukuza. Aliyekataa ni Windows yake mwenyewe, tena imekataa ukarimu wa seva.

Kuna video nyingi zinazofundisha kuingia kwenye rejista ya Windows na kuwasha AllowInsecureGuestAuth. Inafanya kazi, ni kweli. Mimi siiungi mkono. Umeifungulia laptopu ikubali seva yoyote isiyojithibitisha, popote mwenyewe atakapoipeleka, hotelini, ofisini kwa watu. Dawa iko kwenye seva: badilisha ule mstari uwe map to guest = never. Sasa "hp" akija, Samba inamwambia hapana, tena kwa sauti. Windows inasikia hapana, inafungua kidirisha, mpiga picha anaandika jina na nywila zake, anaingia. Mstari mmoja.

Lakini hamjamaliza na Windows. Ina kumbukumbu mbili na zote zinaweza kukusaliti. Ya kwanza ni nywila ilizotunza: andika cmdkey /list na utakuta ya mwaka juzi bado imekaa, inatumwa kila siku bila kuuliza. Ifute. Ya pili ni muunganisho ulio hai. Windows hairuhusu kuingia seva moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja, na ukijaribu unapata kosa 1219. Mke yuko ndani kwa jina lake kwenye folda ya hati, mume anakaa kwenye laptopu ile ile na kutaka folda ya picha kwa jina lake. Nywila yake ni sahihi, haitazamwi hata kidogo. Andika net use uone nani yuko ndani, kisha net use * /delete ukate yote, halafu:

net use Z: \\192.168.1.10\picha /user:SEVA\amina *

Hapo mahali pa SEVA weka jina la seva yako. Ile nyota mwishoni inafanya ikuulize nywila, isibaki imeandikwa kwenye skrini. Na ukiwa na haraka ujue siri hii: kwa Windows, jina la seva na anwani yake ya namba ni seva mbili tofauti. Mke akiwa ndani kwa jina, mume anaweza kupita kwa anwani. Ni ujanja wa kupima, si wa kuachia nyumba ya mteja.

Kuhusu vifaa vya zamani, nisiseme mengi. Runinga ya zamani, kisanduku cha kuchezea sinema, mashine ya fotokopi inayotuma skani kwenye folda: vingi vyao vinajua SMB1 tu, toleo la kwanza la itifaki, na Samba tangu toleo la 4.11 la mwaka 2019 haiipokei isipolazimishwa. Windows nayo ikikutana na seva ya SMB1 inatoa kosa 384. Vingine vinaongea SMB2 lakini vinajibu lile fumbo kwa NTLMv1, njia ya zamani, ambayo Samba iliacha kuikubali kwa kawaida tangu 4.5 ya mwaka 2016. Hapo hata nywila iwe sahihi herufi kwa herufi, unakataliwa. Mnajua mstari wa kurudisha yote hayo. Mnajua pia Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilivyopita kwenye kasoro ya SMB1 kikazima kompyuta za hospitali Uingereza na za watu wengine dunia nzima, ilhali Microsoft walikuwa wametoa kiraka tangu Machi. Kama mteja ana fotokopi ya aina hiyo, mwambie askani kwenye flashi. Akikataa kabisa, kifaa hicho kipewe kompyuta yake ndogo ya pekee isiyo na kitu cha thamani ndani.

Wapo waliokosa Linux na wanagawa folda kutoka Windows moja kwenda nyingine. Nao wana mitego yao, na wa kwanza ni PIN. Mtu anawasha kompyuta kwa tarakimu nne kila asubuhi, anaamini hizo ndizo nywila yake. Akiulizwa na laptopu nyingine anaandika tarakimu nne. PIN haitoki nje ya mashine iliyotengenezewa. Kwenye mtandao haipo. Inatakiwa nywila ya akaunti, na wengi ni ile ya akaunti yao ya Microsoft waliyoisahau siku ile ile waliyoweka PIN. Wa pili ni akaunti isiyo na nywila kabisa. Mzee hataki usumbufu, kompyuta inawaka moja kwa moja. Windows haimruhusu mtu asiye na nywila kuingia kupitia mtandao, ni kwa kibodi tu, na itatoa kosa 1327. Kwa nyumba za namna hii mimi huunda akaunti ya pekee ya kugawia faili, yenye nywila yake ya kueleweka, na PIN ya mzee naiacha ilivyo. Mtego wa tatu ni kufungiwa: Windows 11 tangu 22H2, ikisimikwa upya, hufunga akaunti kwa dakika kumi baada ya kukosea mara kumi. Runinga sebuleni ikiwa imetunza nywila ya zamani, inagonga usiku kucha, na asubuhi mwenye akaunti anajikuta nje ya nyumba yake.

Kisha kuna yule aliyeingia kabisa na bado analalamika hajaingia. Anaziona folda, akibofya moja anaambiwa hana ruhusa. Huyu amekwisha kutambuliwa. Anayemkataa sasa ni Linux, kwenye diski. Diski ya nje iliyochomekwa kwenye Ubuntu yenye dawati huwekwa chini ya /media/ ndani ya folda ya aliyekuwa ameketi hapo, na mwingine hapiti. Ubuntu tangu 21.04 imefunga pia folda za nyumbani zisisomwe na wengine, kwa hiyo ukigawa folda iliyo ndani ya /home/juma, Amina hafiki hata kama folda yenyewe umeiachia wazi, maana lazima apite kwa Juma kwanza. Andika namei -l na njia nzima ya folda. Itakuonyesha kila hatua na mwenyewe. Na diski ikiwa ya NTFS au exFAT, mipangilio ya diski ya upande wa Windows, msipoteze muda na chmod, amri ya Linux ya kubadilisha ruhusa. Ruhusa zake zinapangwa wakati wa kuiunganisha, kwa uid na gid, namba za mwenye faili na kundi lake, kwenye /etc/fstab, faili la kuunganishia diski.

Mwenyekiti ananionyesha saa, ila dada pale mbele alinyoosha mkono mapema. Anauliza: mume wake anafanya kazi Muscat na anataka kuingia seva ya nyumbani akiwa huko, na kuna fundi amemshauri wafungue poti 445 kwenye ruta.

Dada yangu, hapana. Poti hiyo haifunguliwi kwa intaneti, hata kwa siku moja. Tena kama mnatumia ruta ya laini ya simu, hata mkiifungua huenda isifike popote, kwa sababu mara nyingi anwani moja ya intaneti wanaishiriki wateja wengi. Wekeni VPN, yaani njia ya faragha inayopita ndani ya intaneti, WireGuard au Tailscale, kwenye seva na kwenye laptopu ya shemeji. Tailscale inavuka vizuri hata kwenye ruta za laini ya simu.

Na akifanya hivyo, atakupigia simu aseme paswedi imegoma. Muulize kwanza ameandika anwani ipi. Ruta yake ya Muscat nayo inaweza kuwa inagawa 192.168.1, na akiandika 192.168.1.10 anagonga kifaa cha huko huko. Atumie anwani ambayo VPN imeipa seva. Akirudi tena kusema imemkatia hata kabla ya kuulizwa jina, fungua smb.conf utafute mstari wa hosts allow, orodha ya anwani zinazoruhusiwa. Aliyeiweka seva yenu kama alikuwa makini aliandika humo 192.168.1. peke yake, na shemeji sasa anaingia kwa anwani inayoanza na 100 au 10. Kwenye logi utamkuta ameandikwa Denied connection. Ongeza anwani za VPN kwenye mstari huo, smbcontrol smbd reload-config, kisha mpigie ajaribu.